Reli ya Kati Mkoani Singida na Funzo la Ubinafsishaji

Ubinafsishaji ni hatua ya serikali kuhamishia kwa watu au kampuni binafsi umiliki wa shirika la umma, ama uendeshaji wake, ama vyote viwili kwa pamoja, na tofauti iliyopo kati ya umiliki na uendeshaji ndiyo ambayo mjadala wa Tanzania umeipuuza mara nyingi, ingawa ndiyo inayoeleza kwa nini baadhi ya mashirika yaliyobinafsishwa yalistawi na mengine yakarudi mikononi mwa serikali yakiwa hoi kuliko yalivyotoka. Mkoa wa Singida, ambao husifiwa zaidi kwa alizeti, vitunguu na kuku wa kienyeji kuliko kwa viwanda vikubwa, unalionyesha jambo hilo vizuri, kwa kuwa Reli ya Kati inaupita kwa upande wa kusini, katika stesheni za Makutupora, Saranda, Manyoni, Aghondi na Itigi, na kutoka Manyoni linachepuka tawi la takriban kilomita 115 linaloelekea Singida mjini.

Chanzo cha suala lenyewe ni Azimio la Arusha la Februari 1967, ambalo liliweka njia kuu za uchumi chini ya dola, na katika miaka iliyofuata mabenki, viwanda vya kusaga nafaka, biashara ya nje na hata maduka ya jumla yakawa mali ya umma, kiasi kwamba kila mkoa, Singida ukiwemo, ulikuwa na kampuni yake ya biashara iliyojulikana kama RTC, yenye kazi ya kugawa sukari, sabuni na nguo. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mashirika hayo yalikuwa yamekaribia 400, na mengi yalijiendesha kwa hasara iliyofidiwa na Hazina, yaani kwa kodi ya mwananchi ambaye mara nyingi hakuwa akiipata bidhaa aliyoilipia. Si haki kusema kwamba wote walioyaongoza walikuwa wazembe, kwa sababu bei walipangiwa, fedha za kigeni zilikuwa adimu, vipuri havikupatikana, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikomba akiba ya taifa. Lakini ni kweli pia kwamba meneja aliyejua kuwa hasara italipwa na Hazina hakuwa na sababu kubwa ya kuizuia.

Mwaka 1992 iliundwa tume ya rais ya kurekebisha mashirika ya umma, iliyofahamika zaidi kwa kifupi chake cha PSRC, nayo ikafanya kazi hadi mwishoni mwa 2007 ikitumia njia kadhaa: kuuza shirika zima, kuuza sehemu ya hisa, kuingia ubia, kufilisi, na kukodisha uendeshaji kwa muda maalumu huku mali yenyewe ikibaki ya serikali. Kiwanda cha bia, ambacho hisa zake ziliuzwa kwa kampuni ya Afrika Kusini mwaka 1993, kilifufuka haraka, na sababu yake si ngumu kuielewa, kwani bia huuzwa kwa bei ya soko, mwekezaji aliweka mtaji wake mwenyewe, na mnywaji asiyeridhika ana hiari ya kununua kinywaji kingine. Reli haina sifa hizo. Njia ni moja, gharama ya kuitunza ni kubwa kuliko faida ya mwaka mmoja au miwili, na msafiri wa Itigi wakati wa masika hakuwa na usafiri mwingine wa maana.

Shirika la Reli Tanzania, yaani TRC, lilianzishwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na mali zake kugawanywa, na baada ya miaka thelathini lilikuwa limechoka, likiwa na injini chache na reli nyepesi ya zamani juu ya tuta lililoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905. Serikali iliamua kulikodisha. Mali za reli zilikabidhiwa kampuni ya serikali iliyoitwa RAHCO, na uendeshaji ukapewa kampuni mpya ya TRL, ambamo kampuni ya RITES ya India ilikuwa na asilimia 51 ya hisa na serikali asilimia 49, kwa mkataba wa miaka 25 ulioanza Oktoba 2007.

Kilichofuata kinastahili kusomwa kwa makini na kila diwani na kila mbunge. Mwendeshaji aliyepewa jukumu la kuifufua reli hakuleta mtaji uliotarajiwa, na injini pamoja na mabehewa vilikodiwa kutoka India, kwa hiyo kampuni ambayo bado haikuwa na mapato ya kutosha ikabebeshwa mzigo wa kodi ya vifaa. Wafanyakazi waligoma wakidai mishahara, na serikali, ambayo ilikodisha shirika ili ipumzike kulilipia, ikalazimika kutoa fedha. Mwishoni mwa Desemba 2009 mafuriko yalisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe, na safari zikakatika kwa miezi. Mwaka 2011, baada ya miaka minne tu kati ya 25, serikali ilichukua hisa zote na TRL ikarudi kuwa mali ya umma.

Kwa Singida hasara hiyo ilikuwa na sura yake. Jasi ya Itigi, ambayo ni malighafi inayohitajiwa na viwanda vya saruji, ni mzigo mzito wa bei ndogo, na mzigo wa namna hiyo ndio ambao reli imeumbiwa kuubeba; reli inapolegea, jasi hupakiwa kwenye malori, gharama hupanda na barabara iliyojengwa kwa fedha nyingi huharibika mapema.

Kosa, kwa tathmini ya haki, halikuwa kumkaribisha mwekezaji, bali kuandika mkataba ambao haukumbana kuweka fedha zake mapema, na kutokuwa na mdhibiti mwenye nguvu ya kumwajibisha. Mdhibiti ni chombo cha umma kisichoendesha huduma wala kuimiliki, ila kinapanga nauli na viwango na kuadhibu anayevikiuka, kama EWURA inavyofanya kwa maji na nishati na LATRA kwa usafiri wa nchi kavu. Dar es Salaam ilipata funzo hilohilo kwa maji, pale kampuni ya City Water iliyoanza kazi mwaka 2003 ilipovunjiwa mkataba mwaka 2005, na serikali ikajikuta mbele ya mahakama ya usuluhishi ya kimataifa.

Kutokubinafsisha nako hakumaanishi kurudi kulekule kwa zamani. Mamlaka ya maji ya Singida mjini, SUWASA, ni mali ya umma, lakini hukusanya malipo ya ankara zake na hupimwa na EWURA, ambayo hutangaza hadharani taarifa za utendaji wa mamlaka za maji nchini. Kiasi cha maji kinachopotea kabla ya kumfikia mteja, kwa mfano, ni kipimo ambacho mkazi wa kawaida anaweza kukiulizia. Vilevile hospitali za madhehebu mkoani humo, kama ile ya St. Gaspar iliyopo Itigi na zile za Makiungu na Iambi, zimetibu wananchi kwa miongo mingi zikishirikiana na serikali, na ushirikiano huo, ambao watetezi wa ubinafsishaji na wapinzani wake huusahau, unathibitisha kwamba huduma ya umma inaweza kutolewa na asiye serikali bila kuuzwa kwa mwenye kutafuta faida.

Kwa upande wa watumishi, sheria ya utumishi wa umma ya 2002 na mfumo wa OPRAS uliofuata vilikusudia kumfanya kila mtumishi akubaliane na msimamizi wake malengo ya mwaka na kupimwa kwayo, lakini katika ofisi nyingi fomu zilijazwa kwa mazoea tu, na ndiyo maana serikali imeubadilisha kwa mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Hata huo utakuwa na thamani tu ikiwa matokeo yake yataamua nani apandishwe cheo.

Sheria ya Reli ya 2017 iliunganisha tena RAHCO na TRL na kuirejesha TRC, na reli mpya ya kisasa, ambayo treni zake za abiria zilianza kufika Dodoma Julai 2024, inajengwa kupitia Makutupora kuelekea Tabora. Serikali pia imeeleza nia ya kuruhusu kampuni binafsi zipitishe treni zao juu ya reli ya umma kwa malipo, mpango ambao ni bora kuliko ule wa 2007, mradi tu wabunge wa Singida na halmashauri za Manyoni na Itigi wadai kuona, kabla ya saini na si baada yake, masharti ya mikataba hiyo: mwendeshaji ataweka kiasi gani cha fedha zake na lini, nani atalitunza tuta, na adhabu ni ipi asipotimiza.