Tiketi Mbili, Begi Moja: Kabla Ulipie Hiyo Deal ya Kwenda Majuu, Jua Begi Lako Linaishia Wapi

Hebu tuongee ukweli. Uko zako Jamhuri, Jumapili jioni, bando imeingia na unatafuta tiketi ya kwenda kumuona sistako Manchester. Tiketi moja ya kukufikisha mpaka mwisho inakutisha. Halafu simu inakuletea kitu tamu: Nairobi hadi Sharjah na ndege ya bei nafuu, kisha Dubai hadi Manchester na kampuni ingine kabisa. Tuseme ukijumlisha unaona umeokoa thao ishirini. Kidole tayari kiko kwa M-Pesa. Ngoja kwanza.

Kuna swali moja ambalo wasee wengi huliuliza wakiwa tayari wamefika kaunta ya JKIA na foleni nyuma yao: begi litaenda mpaka mwisho, ama nitalichukua njiani? Jibu la hilo swali linaweza kukuacha hapa hapa Nairobi hata kama una viza ya Uingereza kwenye pasipoti, umeaga mtaa wote na mathe ameshakufungia unga na majani chai.

Begi hufuata tiketi, halikufuati wewe

Ukifika kaunta, dadako wa kampuni ya ndege hufungua bukingi yako. Kompyuta yake inaona safari zote zilizo ndani ya hiyo bukingi moja, na inachapa stika ya begi yenye herufi tatu kubwa za uwanja wa mwisho. DXB ni Dubai, DOH ni Doha, ADD ni Addis Ababa, LHR ni Heathrow, na ile NBO unayoiona ukirudi ni JKIA. Chini yake kuna namba ya tarakimu 10. Mashine za mizigo huko mbele zinasoma hiyo stika tu. Haziko na habari kwamba mwenye begi ana tiketi ingine aliyonunua kwa simu.

Kwa hivyo ukinunua safari mbili kama bukingi moja, hata kama ni kampuni mbili tofauti, kawaida kampuni hizo zimeshakubaliana kupokezana abiria na mizigo. Begi linapigwa stika moja mpaka mwisho, na ukichelewa kwa sababu ndege ya kwanza imechelewa, wao ndio wanakutafutia ndege ingine. Hiyo huduma iko ndani ya bei, ndiyo maana tiketi moja mara nyingi huwa ghali.

Ukinunua mbili kivyake, kwa macho yao wewe ni abiria wawili. Wa kwanza anaishia Sharjah. Wa pili anaanzia Dubai. Hakuna anayejua ni mtu mmoja.

Programu nyingi za kutafuta tiketi siku hizi zinauza hizi safari za kuunganisha mwenyewe, na zinasema ukweli, ila kwa maandishi madogo. Ukiona "self-transfer" hapo chini ya bei, basi hiyo ndiyo maana yake: begi ni lako, viza ni yako, na ukiachwa umeachwa. Ukinunua kwa wakala wa tiketi huko tao, usiulize tu bei. Uliza, "Hii ni bukingi moja ama mbili?" Akianza kuzunguka, muombe akuonyeshe. Bukingi moja huwa na namba moja ya herufi na tarakimu sita inayobeba safari zote. Ukipewa namba mbili, uliza kwa nini, na hizo safari zimeunganishwa wapi.

Hapa ndipo viza inaingia

Watu wakiongelea begi hufikiria kilo. Mimi naona shida kubwa kuliko zote ni viza, kwa sababu mkanda wa mizigo uko upande wa pili wa uhamiaji. Kulifikia begi lako lazima ugongwe muhuri na uingie nchi ya watu. Halafu utoke tena mlango wa abiria wanaoondoka, uchek-in upya, upite usalama upya, upite uhamiaji upya.

Rudi kwa ile deal ya Sharjah na Dubai. Hivyo ni viwanja viwili tofauti. Kwa barabara si mbali, lakini hakuna njia ya kutoka kimoja hadi kingine bila kuingia Falme za Kiarabu, na Mkenya anahitaji viza kuingia huko. Hata ukisafiri na mkoba wa mgongoni tu, bado unahitaji viza. Ile thao ishirini imeanza kuisha: toa viza, toa teksi, toa begi (kampuni za bei nafuu huuza begi kivyake, na kila kampuni ina bei yake), toa chakula cha saa nane uwanjani. Unaweza kupata umebaki na thao tatu na maumivu ya mgongo.

Nchi hazifanani. Ukipitia Addis Ababa na pasipoti ya Kenya, huhitaji viza kuingia Ethiopia, kwa hivyo kutoka nje kuchukua begi kunakula tu muda. Johannesburg pia iko sawa, tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza, ila beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano kwa sababu wanaiulizia. Entebbe na Kigali hakuna noma.

Ulaya ni stori ingine. Amsterdam na Paris, kulifikia begi unahitaji viza ya Schengen. London ni ngumu zaidi: Mkenya anayebadilisha ndege Heathrow bila hata kutoka nje anahitaji viza ya transiti ya ndani ya uwanja, isipokuwa awe na msamaha, mfano viza halali ya Marekani. Na hiyo viza ya ndani haikuruhusu kupita uhamiaji. Kama begi limepigwa stika ya LHR na safari yako inaendelea Toronto kwa tiketi ingine, unahitaji kibali cha kuvuka mpaka.

Sasa sikiza hii vizuri. Hutagundua hiyo shida London. Utaigundua JKIA. Kampuni ya ndege ikibeba mtu asiye na karatasi za kutosha inapigwa faini na inalazimika kumrudisha, kwa hivyo kaunta ya Nairobi hucheki kila kitu kabla ya kukupa boding pasi. Wakiona tiketi yao inaishia nchi ambayo huna viza ya kuingia, wanaweza kukukatalia, na tiketi ya pili inaungua bila wewe hata kupanda ya kwanza. Ndege ya pili wakiona hukutokea, wanaandika hukuja, na mara nyingi wanafuta hata ile ya kurudi kama iko kwenye bukingi hiyo hiyo.

Lakini si kuna watu huunganishiwa?

Wapo. Kaunta inaweza kuunganisha begi kwa tiketi mbili kama mambo kadhaa yamekubali: kampuni hizo mbili zina makubaliano ya mizigo, sera ya kampuni ya kwanza inaruhusu, safari zote zinatumia uwanja mmoja wa kubadilishia, na muda katikati si mrefu wala mfupi kupita kiasi. Ndiyo maana utasikia mtu wa Kilimani akiapa kwamba yeye alifanyiwa, na mwingine wa Ngong Road akiapa haiwezekani. Wote wanaweza kuwa wanasema ukweli.

Usidanganyike na jina la muungano. Kenya Airways iko SkyTeam tangu 2010, Ethiopian iko Star Alliance tangu 2011, na watu hudhani kukaa muungano mmoja kunatosha. Hakutoshi. Muungano wa oneworld, ule wa British Airways na Qatar, ulilegeza sheria yake mwaka wa 2016 na memba hawalazimiki tena kuunganisha mabegi ya tiketi mbili. Na kampuni nyingi za bei nafuu hazina makubaliano na mtu yeyote. Kwao kila safari inaanza na kuisha.

Kwa hivyo piga simu kabla ya kulipa. Ipigie kampuni ya kwanza, maana hiyo ndiyo inayochapa stika. Uliza hivi: "Nikiwa na tiketi ya pili kwa bukingi tofauti, mtapiga begi stika mpaka mwisho?" Wakisema ndiyo, omba waandike kwa barua pepe. Siku ya safari fika mapema, toa tiketi zote mbili zikiwa zimechapishwa pamoja na viza ya mwisho, na uulize tena kwa heshima kabla begi halijawekwa kwa mkanda. Kisha kabla hujatoka kaunta soma stika. Kama ulitaka herufi za Manchester, MAN, na inasoma kitu kingine, ongea hapo hapo. Begi likishameza ule mlango wa plastiki, kulirudisha ni kazi.

Marekani iko na sheria yake. Hata ukiwa na tiketi moja tu, uwanja wa kwanza utakaoshuka huko unachukua begi, unapita forodha, unalirudisha kwa mkanda ndani hapo. Ukipanda ile ya KQ ya moja kwa moja hadi JFK na unaendelea Dallas, begi unalichukua New York. Watu huzubaa hapa kwa sababu stika inasoma Dallas, wanapita mkanda bila kuangalia. Ukipitia Abu Dhabi ama Dublin, ukaguzi wa Marekani hufanyika huko huko kabla hujapanda, kwa hivyo ukishuka Marekani unashuka kama mtu wa ndani.

Kama huwezi kuepuka tiketi mbili, njia safi ni kusafiri bila begi la kupakia. Mkoba wa mkononi peke yake, chek-in ya mtandaoni, unabaki ndani ya uwanja. Hakikisha tu kampuni ya pili inakubali boding pasi ya simu au ina dawati la transiti, zingine hazina.

Muda nao usikadirie kama unaenda Nakuru. Mimi nisingeacha chini ya saa tano kati ya tiketi mbili ukiwa na begi la kuchukua, na kama huko mbele kuna harusi, mtihani ama siku ya kwanza ya kazi, lala mjini humo usiku mmoja. Lakini pia usifike saa kumi kabla. Kaunta nyingi hufunguliwa saa tatu au nne kabla ya ndege, na utakaa nje na mabegi yako ukilinda kama askari wa duka.

Ukiwa unarudi nyumbani, ama unapokea mgeni

Hii huwapata watu wa Kisumu na Mombasa. Umetoka Doha, ukashuka JKIA, na una tiketi ingine uliyonunua kivyake ya kwenda nyumbani. Begi linaishia NBO. Unapita uhamiaji, unangoja mkanda, unapita forodha (na kama umebeba TV na laptop tatu, hapo si dakika tano), kisha unahamia terminal ya ndege za ndani. Weka saa tatu au zaidi.

Mbaya kuliko hiyo ni Wilson. Mgeni wako anashuka JKIA saa mbili asubuhi na amejinunulia ndege ya Mara saa nne kutoka Wilson. Kwa ramani anaona Nairobi na Nairobi. Hajui kwamba hivyo ni viwanja viwili, hajui Mombasa Road asubuhi, na hajui ndege nyingi ndogo za Wilson zinazoenda mbugani hutaka kilo 15 kwa begi laini, si ile sanduku ngumu ya magurudumu manne. Wewe uliyeko Jamhuri uko karibu na Wilson kuliko yeye, kwa hivyo mwambie anunue ndege ya mchana, na lile sanduku likae kwako mpaka arudi.

Na begi likipotea? Kenya iko kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999. Kabla hujatoka ukumbi wa mizigo, nenda dawati la kampuni iliyokuleta mwisho, uandikishe ripoti na upewe namba. Begi likiwa limevunjwa, una siku 7 za kudai kwa maandishi. Likichelewa, siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Lisipoonekana kwa siku 21, kisheria unaweza kulichukulia limepotea, na kiwango cha juu cha fidia tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519, ile pesa ya hesabu ya IMF, karibu dola 2,000. Kesi unaweza kuifungua ndani ya miaka miwili.

Kwa tiketi mbili lakini, kila kampuni inajibu kwa kipande chake pekee. Ya pili itakuambia haikuwahi kupokea begi, ya kwanza itasema iliwasilisha. Kinachokusaidia hapo ni kile kipande kidogo cha stika walichokubandikia nyuma ya boding pasi Nairobi. Kipige picha ukiwa bado kwa kaunta. Na dawa zako, vyeti, kontrakti ya kazi na nguo moja ya kubadilisha, weka kwa mkoba wa mkononi. Ule unga wa mathe ndio unaweza kwenda kwa begi.