Spika Haijafa, Mwanangu

Oya, Jumapili moja tulikuwa tunavuka kwenda Sengerema, washkaji wanne ndani ya IST ya mwana, wese la kutosha, soda za baridi miguuni. Mchongo ulikuwa simpo: tukifika daraja la JPM pale Kigongo, vioo chini, ngoma juu, kilomita 3 za maji kulia na kushoto. Zamani pale ulikuwa unasota foleni ya kivuko mpaka unasinzia. Tangu Juni 2025 unakatiza dakika chache tu, kwa hiyo ngoma ya kuvukia lazima uichague kwa akili.

Tunaipita Buhongwa, spika ya mlango wa kushoto ikakata. Nikabamiza mlango, ikarudi. Shimo la kwanza, kimya tena.

"Hii imekufa," mwana akaanza kulia. "Kesho naweka mpya."

Mwezi uliopita alishaingizwa mjini hivyohivyo. Spika ya mlango wa nyuma ilikuwa inakwaruza, fundi akaisikiliza sekunde mbili, akasema imeungua, akamfungia nyingine kwa wekundu saba. Ya zamani akabaki nayo. Kijiwe sikitaji, ila tuelewane: spika inayokata na kurudi haijafa. Maiti haiamki kwa kubamiziwa mlango.

Tukapaki kivulini Usagara. Nikaanza na vya bure, balansi na feda kwenye redio, maana dogo akichezea vitufe sauti yote inahamia upande mmoja, halafu mtu mzima na akili zake anashika bisibisi. Zilikuwa katikati. Fyuzi nikaipotezea, ikiungua redio nzima inalala, sio mlango mmoja. (Na kama kilio chako ni kukosa stesheni, hiyo sio spika kabisa. Redio nyingi za Japani zinaishia 90, stesheni zetu zinapanda mpaka 108. Tafuta ekspanda, acha milango ya watu.)

Sasa mtihani wangu pendwa: betri ndogo ya remoti, ile ya volti 1.5. Unabandua kava la mlango, unachomoa soketi ya spika, unagusisha betri kwenye miguu yake miwili. Gusa, achia, usigandishe. Ikisema "kwah!" na karatasi ikatikisika, koili ni nzima. Mwenye mita apime, spika ya omu 4 inasoma 3 na pointi kadhaa. Ikikataa kusoma kabisa, hapo sawa, chimba kaburi. Yetu ilikoroma kama chura wa Mto Mirongo.

Ila kwenye kava ndiyo niliona noma. Ile nailoni ya ndani ilikuwa imechanwa yote, kazi ya fundi wa vioo, wanaichana na hawairudishi. Maji lazima yapite kwenye kioo yaingie mlangoni, yatokee kwenye vitundu vya chini. Nailoni ndiyo mwavuli wa spika. Sasa mwana ndinga yake anaoshea ziwani, ndoo kwa ndoo, na anajisifu. Karatasi ya spika ilikuwa na mapete ya kahawia kama godoro la kikojozi.

Chini ya mwembe kulikuwa na mzee anatengeneza redio. Nikampigia mwangaluka, akaitikia, akaja na miwani yake ya kamba. Hakugusa spika. Alivuta ule mpira mweusi wa mikunjo kati ya mlango na bodi, nyaya zinakopita, akavuta waya mmoja mmoja taratibu. Wa tatu ukarefuka kama bigijii. Plastiki nzima, shaba ndani imekatika. Kila mlango ukifunguliwa pale panapinda, miaka nenda rudi, ushaelewa.

Nikasema tusokote fasta tupige solotepu tusepe. Mzee akaniangalia. "Utarudi." Akaongeza kipande cha waya ili usikazwe, akaunga kwa risasi ya moto, akaomba tumpigie muziki asikilize. Akakunja uso.

"Besi iko wapi?"

Tukajua anazingua, mbona spika zote zinaimba? Akazunguka mlango wa nyuma, ule wa wekundu saba, akaufungua, akageuza nyaya mbili tu, chanya na hasi. Zilikuwa zimepishana, kwa hiyo wakati wenzake wanasukuma hewa mbele, yenyewe inavuta nyuma, besi zinauana humohumo ndani ya gari. Akarudisha sauti. Soda zikaanza kutetemeka miguuni.

"Na ile ya zamani," mwana akauliza kwa sauti ya chini, "ingekuwa inakwaruza tu kwa ajili ya waya?"

Mzee akahesabu buku zake tatu. "Uliiacha wapi nikuangalizie?"

Darajani vioo vilishuka, ngoma ikapanda, mdundo mpaka kwenye mbavu. Mwana hakuimba hata mstari mmoja.