Fahamu: Kwa nini wagonjwa wengine hawasadikiwi?

Septemba 2017, siku moja baada ya kujifungua kwa upasuaji, bingwa wa tenisi Serena Williams alianza kukosa pumzi. Kwa kuwa aliwahi kupata tatizo la damu kuganda, alimwambia muuguzi anahitaji kipimo cha CT na dawa ya kuzuia damu isigande. Muuguzi akadhani dawa za maumivu zimemchanganya.

Kipimo kilipofanyika, mapafuni mlikuwa na mabonge ya damu.

Maumivu hayaonekani kwa macho, na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni huamini haraka kile kinachoonekana. Wanaoumia zaidi ni wenye maradhi yaliyojificha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa endometriosisi huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, lakini wengi huambiwa kwa miaka kwamba maumivu makali ya hedhi ni ya kawaida.

Uingereza imejifunza kwa msiba. Martha Mills, mwenye umri wa miaka 13, alifariki mwaka 2021 kwa maambukizi ya damu baada ya hofu za wazazi wake kupuuzwa. Tangu 2024, Kanuni ya Martha inawaruhusu wagonjwa na familia, katika hospitali zinazoitumia, kuomba timu nyingine imchunguze mgonjwa haraka.

Ukienda hospitali, andika dalili na tarehe zake, fuatana na ndugu, na usione haya kuomba daktari wa pili.