Unene na kisu (2): Moyo unaodunda kabla ya upasuaji

Wiki iliyopita tuliishia kwenye tumbo lenyewe: daktari anavyoondoa asilimia 75 hadi 80 ya tumbo la chakula likabaki kama ndizi, au anavyotenga kimfuko cha mililita 30 hivi na kukiunganisha na utumbo. Wasomaji walioniandikia hawakuuliza sana habari za tumbo. Waliuliza habari za moyo.

Mama mmoja muuza vitenge, kilo 128, alikaa mbele yangu siku tisa kabla ya tarehe yake. Presha imetulia, sukari imetulia. Nafunga faili, ndipo akasema huku akiangalia mlango: "Dokta, usiku moyo unanienda mbio. Ila usiandike, wataniahirisha." Nikamwomba anigongee mezani kwa kidole, vile vile unavyodunda. Akagonga: ta-ta, ta, ta-ta-ta, kimya, ta. Nikalifungua tena faili.

Meza ni kipimo cha bure. Woga una mdundo wake: tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, na moyo ambao ukitulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika hupanda taratibu, 110, 120, kwa mpangilio kama cherehani, kisha hushuka taratibu vile vile. Moyo unaoanza ghafla kama taa iliyowashwa, ukafika 170, kisha ukakatika ghafla, huenda una shoti kwenye njia zake za umeme. Pigo moja linalorukwa kisha likafuata lenye kishindo mara nyingi halina madhara. Lakini mdundo usio na mpangilio wowote, kama wa yule mama, hutufanya tufikirie vyumba vya juu vya moyo vinavyotetemeka badala ya kusukuma. Damu ikituama humo huweza kuganda, na bonge likifika kwenye ubongo ni kiharusi. Unene wenyewe huongeza hatari ya ugonjwa huu, kwa hiyo haishangazi kuukuta kwenye foleni ya upasuaji.

Meza haimalizi kesi. Kipimo cha umeme wa moyo (ECG) huchukua sekunde chache tu, na moyo mkorofi hujua kutulia mbele ya daktari. Ndiyo maana mgonjwa hufungiwa kifuani kimashine cha kurekodi kwa saa 24, akaenda nacho dukani na kitandani. Damu nayo hupimwa: upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huufanya moyo ukimbie hata kwa mtu asiye na wasiwasi wowote.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaitegemei, nayo ni maandalizi yenyewe. Wiki mbili kabla ya upasuaji mgonjwa hupewa mlo mdogo wenye wanga kidogo ili ini lisinyae, daktari apate nafasi ya kupitisha vifaa vyake. Siku za mwanzo mwili hutoa maji na chumvi nyingi. Kama mtu anameza vidonge vya presha vya kukojoza, potasiamu huweza kushuka, na potasiamu ikishuka moyo huanza kuruka mapigo. Yeye atasema ni woga. Na wapo wanaofidia njaa kwa kahawa au vinywaji vya kuongeza nguvu! Kosa jingine ni kuacha dawa za presha kwa sababu umeambiwa usile. Zile zinazopunguza kasi ya moyo, kama propranolol, zikikatwa ghafla moyo hurudi kwa hasira. Kwa kawaida humezwa asubuhi ile ile kwa funda la maji, lakini orodha ya kumeza na kuacha aipange mtaalamu wa usingizi.

Huyo mtaalamu ndiye asiyepaswa kufichwa kitu. Atakuuliza kama unakoroma na kama mwenzako amewahi kukuona pumzi ikikatika usingizini. Koo likijifunga usiku, oksijeni hushuka na moyo hushtuka, tena na tena hadi alfajiri. Dawa za usingizi na za maumivu hulegeza koo hilo hilo zaidi. Hata anayewekewa puto tumboni bila kukatwa, kama wafanyavyo katika Hospitali ya Mloganzila, kwa kawaida husinzishwa kwanza.

Kwa anayeogopa kufa mezani: utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2009 ulikuta vifo 3 katika kila wagonjwa 1,000 ndani ya siku 30. Na utafiti wa Sweden ulioanza 1987, ukafuatilia watu zaidi ya 4,000, ulikuta waliopasuliwa walipata ule mtetemo wa moyo kwa asilimia 29 pungufu ya wenzao. Hata hivyo, ukizimia, ukibanwa kifua au ukikosa pumzi, usingoje kliniki. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kimashine kilimnasa yule mama usiku, saa nane na robo. Mtetemo. Kipimo cha pumzi za usiku nacho kikaonyesha pumzi inayokatika. Aliahirishwa wiki sita, akaanzishiwa dawa, akapewa barakoa ya kulalia inayosukuma hewa. Alinuna, tena waziwazi. Wiki ya tatu akanipigia simu: moyo umetulia, ila mumewe hapati usingizi, nyumba imekuwa kimya mno.

Itaendelea wiki ijayo: siku saba za kwanza baada ya kisu.