Watoto Watatu, Mawe Matatu

Siku niliyomwambia mume wangu nataka kurudi kuchora, mtoto wetu akiwa na miezi minne, aliniuliza, "Sasa utachora saa ngapi?" Hakuwa na ubaya, jamani. Ila swali lilinichoma, maana hata mimi jibu sikuwa nalo.

Usiku ule nikarudia kusoma habari za Barbara Hepworth, mchongaji wa Uingereza aliyezaliwa Wakefield mwaka 1903. Mwenzenu huyu alikuwa na mtoto wa kiume wa ndoa ya kwanza. Mwaka 1934 akawa mjamzito tena, safari hii kwa mchoraji Ben Nicholson aliyekuja kuwa mume wake. Walitegemea mmoja, wakaja watatu! Na pesa yenyewe ya shida. Wachanga wale walilelewa kwa muda kwenye kituo cha malezi, na wapo wanaomsema mpaka leo. Mimi simsemi. Ben nani alimuuliza atachora saa ngapi?

Novemba mwaka huohuo Barbara akashika tena patasi. Mwaka 1935 akatoa Three Forms: vipande vitatu vya marumaru nyeupe, kimoja mviringo, viwili virefu kidogo kama mayai. Havina macho, havina mikono. Ukivitazama unajikuta unapima nafasi iliyopo kati yao, nani yuko karibu na nani, nani kasogea pembeni. Mtu mwenye familia anaelewa bila kuelezwa.

Mwenyewe alisema ilimbidi afanye kazi kila siku, hata usiku wa manane.

Ndoa ilivunjika mwaka 1951. Mwaka 1953 Paul, yule mwanawe wa kwanza, rubani wa jeshi, akafa kwenye ajali ya ndege. Mama akaendelea kuchonga. Mwaka 1964 sanamu yake ya shaba, Single Form, yenye urefu wa mita 6.4, ilizinduliwa Umoja wa Mataifa, New York, kumkumbuka rafiki yake Dag Hammarskjöld. Naye alikufa kwa ndege, mwaka 1961 karibu na Ndola, akienda kutafuta suluhu ya Kongo.

Barbara alifariki mwaka 1975, moto ulipozuka kwenye studio yake St Ives.

Sisi tumekubaliana hivi: kuanzia saa tatu hadi tatu na nusu usiku, mtoto ni wa baba. Jana alilia dakika zote thelathini. Sikutoka chumbani.