Je, Wajua? Mjeledi wa Sarah Bernhardt

Je, wajua kwamba Sarah Bernhardt, mwigizaji maarufu wa Ufaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1844, alibatizwa Mkatoliki angali msichana, na bado wachora vibonzo walimwandama kwa Uyahudi wake? Mama yake alikuwa Myahudi, hilo liliwatosha. Walimchora mwembamba kama ufito, pua imepinda, roho iko kwenye fedha. Mwanamume Myahudi alisingiziwa uroho wa mali. Mwanamke alisingiziwa huohuo, akaongezewa uasherati juu yake. Mwaka 1883 Marie Colombier, mwigizaji mwenzake aliyesafiri naye Marekani, alitoa kitabu cha kumkashifu, akambandika jina “Sarah Barnum”, akimfananisha na Barnum, mfanyabiashara wa maonyesho wa Marekani. Bernhardt alimfuata hadi nyumbani kwake, mjeledi mkononi.