Madoa Yasiyo na Jina kwenye Mawe ya Kajiado

Kwenye miamba ya volkeno ya Milima ya Ngong, juu ya mji wa Kiserian katika Kaunti ya Kajiado, kuna madoa ya kijivu, ya kijani kibichi na ya rangi ya chungwa ambayo mpita njia huyadhania rangi iliyomwagika au kinyesi cha ndege. Hayo ni likeni: si mmea, bali ni kuvu iliyofuga mwani wa chembe moja ndani ya mwili wake. Kuvu hujenga boma na kutunza unyevu. Mwani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Mswisi Simon Schwendener alipoeleza hivyo katika miaka ya 1860, wataalamu wengi walimkejeli. Pwani walikuwa na jina la likeni moja zamani: marere, iliyochumwa mitini na kusafirishwa Ulaya kutoka Zanzibar katika karne ya 19 kutengenezea rangi ya zambarau.

Likeni kubwa za Kenya, zenye umbo la majani au matawi, zina kitabu chake, Macrolichens of East Africa, kilichotolewa London mwaka 1988. Waandishi wake walikuwa Dougal Swinscow, daktari Mwingereza, na Hildur Krog wa Norwe. Lakini likeni za umbo la utando, zinazoshikana na jiwe hata zikahitaji patasi kuzibandua, hazikuingia humo, na eneo kame kama Kajiado ni nchi ya utando hasa. Aidha, kaunti hii hushuka kutoka karibu mita 2,460 pale Ngong hadi mita 600 hivi Magadi, na miamba yake si ya aina moja. Likeni zipendazo mawe ya marumaru yanayochimbwa karibu na mji wa Kajiado kwa kawaida hazimei kwenye mawe ya volkeno.

Kuzitafuta ni kazi ya magoti. Mtafiti huweka lenzi jichoni, hukata kipande kidogo, hukitia kwenye bahasha ya karatasi (plastiki huozesha), kisha huandika mahali, mwinuko na aina ya jiwe au gome. Baadaye hudondoshea tone la potasi, halafu tone la klorini ya kufulia, ile inayoitwa jiki. Likeni ikigeuka nyekundu au manjano, imetaja kemikali zake. Spora zake hupimwa kwa darubini, na siku hizi DNA husomwa pia. Sampuli hulinganishwa na zile za Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa Amani mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950.

Ugunduzi wenyewe ni wa namna mbili. Mara nyingi spishi inajulikana kwingineko, ila haijawahi kuandikwa nchini. Mara chache haina jina popote. Hapo huelezwa rasmi, na tangu 2013 jina la kuvu halikubaliki bila namba ya usajili. Mwaka 2023 watafiti, akiwemo Paul Kirika wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walizipa majina spishi mpya za jenasi Sticta kutoka milima ya Kenya na Tanzania.

Zinazosahaulika zaidi ni kuvu zinazoishi juu ya likeni zenyewe. Zaidi ya 2,000 zinajulikana duniani, nyingi zikiwa vitone vyeusi vidogo kuliko kichwa cha pini, na hata mtaalamu huweza kuvichukulia kuwa sehemu ya likeni. Sampuli iliyokaa kabatini miaka 40 inaweza kutoa rekodi mpya bila mtu yeyote kuondoka Nairobi.

Mji wa Kitengela, katika kaunti hiyo hiyo, ni mtihani mwingine. Vumbi la saruji na la barabara lina chokaa, hupunguza asidi ya magome ya migunga, hufukuza likeni za zamani na kuzikaribisha likeni za rangi ya chungwa zinazovumilia vumbi. Kwa kuwa nyingi hukua milimita chache tu kwa mwaka, mgunga uliokatwa kupisha ploti huondoka na utando uliochukua miongo kuenea.